Ndege wa Koti la Kijivu

Alhamisi hiyo Tecla aliamka na kazi mbili, na ni moja tu iliyokuwa imeandikwa kwenye barua ya mwaliko. Ile iliyoandikwa ilikuwa ya ukalimani: wazee waongee Kipsigis, yeye awageuzie wasomi kwa Kiswahili, asipunguze wala asiongeze. Ile ya pili alijipa mwenyewe, nayo ilikuwa hii: kabla jua halijatua, baba yake, Mzee Kiplangat, awe amempenda Okeyo.

Wala haikuwa kazi ya kuahirisha. Jumamosi, yaani kesho kutwa, wazee kutoka Silibwet walikuwa wanakuja nyumbani kumwombea Kipchoge uchumba. Kipchoge hakuwa mtu mbaya, tusimsingizie. Alikuwa na ng'ombe wa maziwa wa gredi kumi na mmoja, pikapu inayowaka bila kusukumwa, na kiti chake cha mbele kanisani. Ila kwa miaka miwili alikuwa ameongea na Tecla mara mbili tu, na mara zote mbili walizungumza habari za ng'ombe mmoja aliyevimba kiwele. Mama yake Tecla, Rodah, alimwambia binti yake hiyo si kitu, mapenzi huja na watoto. Tecla akamjibu kwamba yake yalikuwa yameshafika bila kungoja mtoto, tena yamevaa miwani. Mama alipaliwa na chai, akakohoa mpaka kuku wakatoka jikoni, kisha akasema: hayo utamwambia baba yako mwenyewe, mimi sikusikia.

Mwenye miwani alikuwa Okeyo, mwalimu wa historia kule chuoni Njoro. Walikutana katika maktaba ndogo ya ofisi ya kilimo mjini Kericho, ambako Tecla alikuwa karani. Okeyo alikuja kutafuta ramani za zamani za msitu. Alizipata siku ya kwanza, kisha akaendelea kuzitafuta kwa miezi mitatu. Mwezi wa nne Tecla alimwuliza kama kuna ramani nyingine, na Okeyo akasema ipo, ila haiko kwenye kabati, imekaa nyuma ya meza na inamtazama. Maneno ya kijinga kabisa, lakini Tecla alienda nayo nyumbani, akala nayo, akalala nayo.

Sasa, mwaka huo wa 1996, Okeyo na wenzake walikuwa wameitisha kongamano la siku mbili katika ukumbi wa kanisa mjini Kericho. Waliliita Mtu na Msitu. Walikuja watu wa historia, watu wa mimea, mtu wa ramani, mchungaji mmoja aliyesomea mambo ya viumbe katika Biblia, na mama mmoja aliyeandika kitabu kizima juu ya konokono. Asubuhi nzima walibishana kama mti unaweza kuwa na historia yake, au historia ni ya mtu anayeukata. Ukumbi ulijaa maneno, na nje ya madirisha wachumaji walikuwa wanachuma majani chai kama hakuna lolote linaloendelea.

Okeyo alikuwa ametaka wazee watatu wa kusimulia habari za msitu kabla ya chai kupandwa. Jina la kwanza kwenye orodha ya Tecla lilikuwa la baba yake. Hakumdanganya mtu: Mzee Kiplangat alikuwa ametundika mizinga ya nyuki juu ya miti tangu ujana, na hapakuwa na gome la mti asiloweza kulitambua kwa kunusa. Kama orodha hiyo ilikuwa na sababu ya pili, basi ilikuwa moyoni, na moyo hauwekwi kwenye faili.

Mwanzo mambo yalikwenda kama alivyoomba. Wakati wa chai Okeyo alimfuata mzee, akamsalimu kwa mikono miwili, akamwuliza swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kumwuliza: kama soko la Silibwet limeitwa kwa jina la mti, mti wenyewe uko wapi siku hizi? Mzee Kiplangat aliweka kikombe chini. Tecla aliyajua hayo. Baba yake akiweka kikombe kabla hakijaisha, amempata mtu. Wakaanza, huyu anauliza, yule anachora hewani kwa fimbo, na Kiswahili cha mzee kikawa kinatiririka, kile Kiswahili chake cha nyumbani ambamo *kabla* ni *kapla* na *gari* ni *kari*, na ambacho watoto wake wote walikipenda.

Hapo Daktari Gesare, yule mtu wa mimea kutoka Kisii, mama mnene mwenye kicheko cha kusikika mpaka stendi, akamvuta Tecla amsaidie kutafuta chaki. Walitafuta chaki kwa dakika kumi. Ziliharibu mambo mengi, dakika hizo kumi.

Aliporudi, baba yake alikuwa amesimama peke yake karibu na mlango, na uso ameukunja.

"Umeongea na yule mwalimu?" Tecla alimwuliza kwa Kipsigis, akijifanya hajali.

"Nimeongea naye." Mzee alimjibu kwa lugha hiyohiyo ya nyumbani. "Ni mtu mwenye akili, nami nikampenda. Nikajiambia, kijana kama huyu, hebu nijue mji wake. Nikamwuliza kama ana mke."

Tecla alimsogelea. "Akasema?"

"Akasema anao wengi."

"Wengi?"

"Wengi. Anasema safari hii amechukua wengine Nakuru akiwa njiani, na amewaacha ndani ya gari. Anasema hawezi kusafiri bila wao, barabara inakuwa ndefu. Nikamwuliza kama mama yake anayajua hayo, akacheka, akasema mama yake ndiye aliyemzoesha tangu utotoni." Mzee alitikisa kichwa polepole. "Na alikuwa anayasema bila haya, mwanangu, huku anatafuna kitu."

Tecla alitazama dirishani. Gari la Okeyo, Datsun la kuazima, lilikuwa limeegeshwa chini ya mkaratusi, na ndani yake hapakuwa na mtu. Mwenye akili iliyotulia angejiuliza hapohapo hao wake wanakaa wapi. Lakini nani aliyeambiwa neno kama hilo na baba yake mzazi akabaki na akili iliyotulia? Baba yake hakuwahi kusema uongo hata kwa mtu wa kodi. Machozi yalimpanda, akayarudisha, yakapanda tena.

Alimkuta Okeyo ukumbini anapanga karatasi zake mezani, ana furaha kama mtu aliyepita mtihani.

"Mambo ni mazuri," Okeyo alimnong'oneza. "Mimi na mzee tumeelewana kabisa. Hata ameanza kuniuliza mambo ya ndani."

"Una wangapi?"

"Wangapi nini?"

"Usinifanye mjinga, Okeyo. Umemwambia baba kwa mdomo wako. Miaka miwili nimekuwa nikimficha baba barua zako ndani ya gunia la mahindi, kumbe wewe una watu Nakuru."

Okeyo alivua miwani, akaivaa tena. Alisema hana mtu Nakuru, hana mtu popote, ana Tecla tu. Alilisema kwa namna ya kumfanya Tecla atake kuamini, na hilo likamchoma zaidi. Kabla hajamjibu, Daktari Gesare alipiga kengele ya kikao, watu wakaketi, na hao wawili pamoja na mzee wakajikuta mbele ya ukumbi mzima: Okeyo kwenye kiti cha mwenyekiti, Mzee Kiplangat kulia kwake, na Tecla katikati, mdomo wa wote wawili.

Yeyote anayefikiri ukalimani ni kazi rahisi na aje akalie kiti kile.

Mzee, wa kwanza kati ya wale watatu, alianza vizuri. Alieleza jinsi kila ukoo ulivyokuwa na mnyama wake, na jinsi mtu asivyomdhuru mnyama wa ukoo wake hata akimkuta shambani. Wasomi waliandika. Alieleza jinsi mkata mzinga alivyouomba mti ruhusa. Wasomi waliandika zaidi, na mchungaji akaomba arudie. Tecla aligeuza kila neno kwa sauti iliyonyooka, bila kutazama kushoto.

Kisha Okeyo, kwa sauti isiyokuwa na nguvu tena, akamwuliza mzee kuna nini cha kujifunza kutoka kwa ndege wa msituni.

Mzee Kiplangat alimgeukia mzima mzima. Alisema kwa Kipsigis, taratibu, ili binti yake asipoteze kitu. Na Tecla akaeleza:

"Anasema kuna ndege mmoja anayejenga viota vingi. Kila kiota anamwonyesha jike mmoja, anamwambia, hiki ni chako peke yako. Anaimba vizuri na anajua kuuliza maswali. Lakini mvua ya mawe ikija, hajui arudi kwenye kiota kipi."

Mama wa konokono alikuwa anaandika mpaka kalamu inalia. Daktari Gesare aliinua mkono, macho yanang'aa, akasema hiyo ni elimu kubwa sana, anamjua ndege wa namna hiyo vitabuni, lakini angetaka mzee amtaje. Je, ni yule wa manjano mwenye kichwa cheusi?

Tecla alimfikishia baba yake swali. Mzee alilifikiria kwa haki, kama anavyofanya mtu aliyeitwa shahidi, akajibu kwa maneno machache.

Hapo Tecla alitazama kushoto kwa mara ya kwanza. Kuna sehemu yake iliyotaka kusema tu kwamba mzee hakumbuki jina. Lakini aliahidi asipunguze wala asiongeze, na tuseme ukweli, roho yake ilikuwa inauma, na roho inayouma hupenda kazi ifanywe sawasawa.

"Anasema huyo si wa manjano," alisema. "Anasema ana koti la kijivu na miwani."

Vichwa sabini viligeuka pamoja. Okeyo alikuwa amevaa koti la kijivu. Miwani mnaijua.

Hakukasirika. Tecla, aliyekuwa amemkatia tamaa, aliliona hilo akaumia upya kwa kumpenda. Okeyo alisimama kwa heshima, akauliza kwa Kiswahili, "Mzee, naomba uniambie. Huyo ndege amekosa nini?"

Mzee Kiplangat hakungoja mkalimani. Aliinuka na fimbo yake, akasema kwa Kiswahili chake mwenyewe, mbele ya historia yote na mimea yote:

"Wewe umesahau? Si mimi nilikuuliza, kijana, wewe iko na pipi? Ukasema, ndio mzee, nyingi. Nyingine iko kwa kari. Sasa mimi ni msee. Sitaki msichana yangu akuwe pipi namba tano."

Tecla alilisikia. Katika ukumbi ule wote ndiye wa kwanza kulisikia, kwa kuwa alilikulia neno lile. Maisha yake yote baba yake alikuwa akimwita mama yake bibi kwa ulimi huo wake: pipi yangu, leta maji. Nao watoto walikuwa wakicheka kisirisiri kila mwaka wa Mungu. Akaziba mdomo kwa mkono.

Okeyo yeye alichelewa kidogo. Alisimama akitazama chini, midomo inatembea, kama mtu anayesoma ramani iliyofifia. Kisha akaingiza mkono mfukoni mwa lile koti la kijivu, akatoa mfuko wa karatasi, akaumwaga mezani. Peremende zilitawanyika, nyekundu, kijani, za mnanaa, za maziwa, mbili zikabingirika mpaka kwenye buti la mzee.

"Ni hizi, mzee," alisema. "Koo langu hukauka nikiongea sana. Nilinunua Nakuru. Na nyingine ziko kwenye gari."

Mzee Kiplangat aliinama, akaokota moja. Aliigeuza kwenye mwanga. Alimtazama Okeyo, akamtazama binti yake aliyekuwa anatetemeka mabega, akaitazama tena ile peremende.

"Hii si pipi," alisema kwa uchungu wa mtu aliyedhulumiwa. "Hii ni switi."

Daktari Gesare ndiye aliyeanza. Kicheko kile kilimtoka kutoka miguuni, kikapasua ukumbi, na baada yake kila mtu akaanguka. Mchungaji alilia kwa leso. Mtu wa ramani alielezewa na jirani yake, akacheka peke yake wengine walipokwisha kunyamaza. Ni mama wa konokono tu aliyebaki na daftari, akiuliza kwa wasiwasi kama yule ndege aendelee kuandikwa au afutwe.

Kikao kilivunjika mapema, maana nani angerudi kwenye historia baada ya hayo? Mvua ya mawe ya kila alasiri ilikuwa imeshapiga bati na kupita. Mzee Kiplangat aliwaita wale vijana wawili barazani, mbali na masikio. Sasa hakuwa anacheka. Hata mtu aliyekosea neno anajua kuhesabu, na mzee alikuwa ameshahesabu: binti aliyeliweka jina la baba yake kuwa la kwanza kwenye orodha, mwalimu aliyekuja kumsalimu kwa mikono miwili, machozi ya wakati wa chai.

"Hapa pana jambo," alisema kwa Kiswahili. "Semeni."

Okeyo alisema. Alisema anampenda Tecla miaka miwili sasa, na kwamba alitaka kuja nyumbani zamani ila aliogopa. Mzee akamwuliza aliogopa nini.

"Niliogopa uniulize ukoo wangu, mzee, nami sina ukoo unaoujua. Sisi ni watu wa ziwani. Lakini baba yangu, Oketch, alikuja kufanya kazi kiwandani hapa nikiwa sijazaliwa. Mimi nimezaliwa kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi wa chai, hapo chini, na kitovu changu kiko hapo. Mvua ya hapa ndiyo mvua ninayoijua."

Mzee aliegemea fimbo yake. Alisema hajui desturi za watu wa ziwani, na hao hawajui zake, na nyumba ya mtu asiyekujua ina vizingiti vingi. Alisema watu wa Silibwet ameshawaambia waje. Wote wawili walitazama chini, kwa sababu yote aliyosema yalikuwa kweli. Kisha akamgeukia binti yake na kuhamia kwenye Kipsigis.

"Na wewe?"

Tecla alikuwa amesema maneno ya watu wengine tangu asubuhi. Sasa yake yalikuwa machache.

"Nampenda, baba. Leo nilipodhani ana wengine, nilitamani ardhi inimeze. Kipchoge akiniambia ana wake kumi nitamwuliza tu kama ng'ombe amepona."

Kitu kilisogea kwenye mdomo wa mzee. Alitazama majani chai yaliyokuwa yanafuka mvuke baada ya mvua, akakuna kidevu kwa kichwa cha fimbo. Alipoanza kusema tena, alisema kwa Kipsigis, kwa sauti ya baraza, na alipomaliza akamwelekezea binti yake kidole.

"Geuza," akamwambia.

Tecla alifungua mdomo. Mkalimani wa siku nzima, aliyegeuza habari za ukoo na nyuki na viota bila kukwama, sasa alikwama.

"Amesema nini?" Okeyo aliuliza. Alikuwa amekunja lile koti mikononi kama mtu anayengoja hukumu.

"Anasema Jumamosi nyumbani kuna wageni." Alimtazama baba yake. "Anasema amewaambia waje, lakini hajawaambia watakuta nini. Wanafika saa sita."

Mabega ya Okeyo yalishuka.

"Sijamaliza," Tecla alisema, na sasa machozi yalikuwa yanashuka wazi, akiyaacha. "Anasema kwake anayebisha hodi wa kwanza ndiye anayesikizwa wa kwanza. Anasema umlete baba yako na wazee wenu. Mfike saa nne."

Okeyo alimtazama mzee. Alimtazama Tecla kwa jicho ambalo tungelieleza hapa kwa ukurasa mzima, kama angelitulia. Hakutulia. Ilikuwa Alhamisi jioni, baba yake alikuwa amestaafu na kurudi Ahero, na simu ya posta ilikuwa inafungwa baada ya robo saa. Alisema, "Asante, mzee, asante sana," akaruka ngazi tatu, akashika njia ya kuteremka mjini, matope yanamfuata mgongoni na koti linapepea.

Baba na binti walibaki barazani wakimtazama akipita wasomi, akipita wachumaji na vikapu vyao, akiruka mtaro wa posta bila kupunguza mwendo.

Mzee Kiplangat alimtazama mpaka mwisho, kwa jicho la mtu wa nchi inayozaa wakimbiaji.

"Anakimbia vizuri," alisema.